Alama ya Njano kwenye Silinda ya Tatu

Sehemu ya Tisa

Kidole kilishuka. Kitufe chekundu kilizama ukutani kwa mlio mkavu, na injini iliyokuwa ikinguruma juu ya meza ya kupimia ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama aliyebonyeza.

Naam, wapenzi wasomaji, mlioniandikia juma zima mkiuliza kama angethubutu: amethubutu. Kipimo, fundi wa kike aliyepewa jina hilo kwa sababu haamini nati yoyote mpaka aisome kwenye geji, amezima injini ya mdogo wake wa tumbo moja mbele ya watu mia tatu, dakika moja kabla haijapandishwa hadi ukomo wa nguvu zake.

Kwa aliyeipata hadithi leo, maneno machache yatatosha. Ndugu wawili wa karakana moja wameingia katika mashindano yaleyale, kila mmoja na injini aliyoijenga mwenyewe. Ya Kipimo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe; nguvu yake yote imetokana na msasa, vipimo na subira. Ya mdogo wake, ambaye kila mtu humwita Upepo, ina turbo, kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie hewa kwa nguvu. Mshindi atakuwa fundi mkuu wa injini wa timu ya mbio. Injini zote zimepigwa lakiri, na lakiri ikivunjwa kabla ya kupimwa, injini hiyo imetoka mashindanoni.

Dakika tano kabla ya kubonyeza kitufe, Kipimo alikuwa amesoma katika daftari la karakana kwamba nati mbili za silinda ya tatu, ndani ya injini ya mdogo wake, hazikukazwa hadi mwisho. Na alama ya njano iliyoapa kwamba zilikazwa ilipakwa na mkono wake yeye.

“Nani amezima?” aliuliza mwamuzi mkuu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye koti jeupe na sauti ya mtu asiyezoea kurudia swali.

“Mimi, mama.”

“Wewe ni mshindani.”

“Ndiyo, mama.”

“Kuzima injini ya mpinzani bila hatari iliyo wazi ni hujuma. Umeona hatari gani?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Kweli yenyewe ilikuwa fupi, na ilikwisha kufika kwenye ulimi. Kipimo aliitazama, akaona uzito wake, akaimeza.

“Oili,” alisema. “Nimeona mshale wa oili ukishuka.”

Upepo aliruka kutoka kando ya injini, vizibo vya masikio vikining’inia shingoni.

“Oili gani, dada? Mshale nilikuwa nao hapa, jicho kwa jicho! Umesimama wima kama askari wa zamu!”

“Nimeona ukishuka.”

“Kwa macho yapi? Ya roho?”

Watu walicheka. Sauti ya mwanamume ilipaa kutoka viti vya nyuma: “Kikulacho ki nguoni mwako, Upepo!” Na nyingine ikadakia: “Yule wa pumzi zake, pumzi zimemwishia!”

Mwamuzi hakucheka. Alimwamuru mpimaji achapishe kumbukumbu ya mashine, akaipokea karatasi ikiwa bado na joto, akaifuata kwa ncha ya kalamu. Mstari wa oili ulikuwa umenyooka mwanzo hadi mwisho.

“Oili iko sawa,” alisema. “Nawapa dakika ishirini. Baada ya hapo injini itawashwa tena, na wewe, binti, utakaa nje ya mlango.”

Uongo ulikuwa umemnunulia Kipimo dakika ishirini, basi. Sijui, msomaji, kama kuna bidhaa iliyowahi kuuzwa ghali kuliko hiyo.

Alimshika Upepo mkono, akamvuta hadi chumba cha vipuri nyuma ya ukumbi. Mikanda ya injini ilitundikwa misumarini, na bomba la sinki lilikuwa likidondosha maji juu ya kipande cha sabuni ya kijivu.

“Usiniguse,” alisema Upepo akijinasua. “Kama ni wivu, ungesubiri nishindwe kwanza.”

“Silinda ya tatu,” alisema Kipimo. “Siku ile ulipoitwa getini kupokea turbo. Ulikuwa umefikia hatua gani?”

“Hatua gani ya nini?”

“Nati za konrodi. Hatua ya kwanza au ya pili?”

Nati hizo haziendi kwa pupa. Kwanza hukazwa nusu, zote kwa zamu, kisha fundi huirekebisha spana ya kupimia mkazo na kurudi kuzikaza kamili, mpaka spana yenyewe itoe mlio wa kusema basi. Konrodi ndiyo mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu unaozunguka. Kifuniko chake kikiachia injini ikiwa katika kasi, chuma hupasua ubavu wa injini na kutoka kama risasi. Na aliye karibu zaidi na ubavu huo ni fundi mwenyewe.

“Nilimaliza,” alisema Upepo.

“Daftari lina vyema yako ya hatua ya kwanza tu kwa silinda hiyo; nyingine tatu zina ya pili.”

“Basi nilimaliza niliporudi, nikasahau kuandika. Dada, unanijua. Naandika lini mimi?” Alifumba macho akikumbuka. “Nilirudi. Nikaliweka boksi la turbo sakafuni. Nikainama kwenye injini, spana ninayo mkononi…”

Kipimo alihisi kifua kikifunguka. Yawezekana alikuwa amefanya kosa dogo tu, lile la uvivu, na Mungu akalifunika kwa mkono wa mdogo wake!

“Ukakaza?”

“Nika…”

Upepo alifumbua macho.

“Nilikuta rangi,” alisema polepole. “Nati zote nane zina njano. Nikasema, aa, dada kanimalizia. Maana wewe hupaki rangi kabla ya spana. Hujawahi. Nikaiweka spana chini, nikafunga sampu ya oili.”

Bomba lilidondosha tone. Likadondosha jingine.

Katika karakana ya baba yao kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mkono uliokaza haupaki rangi. Aliyekaza hujitenga, na mwenzake huja na spana yake, huipitisha kila nati, husikia mlio kwa sikio lake, ndipo huchovya brashi. Mkono mmoja unakaza, alikuwa akisema baba, na mkono wa pili unashuhudia. Hata walipoingia mashindanoni kama wapinzani, sheria haikubadilika. Kipimo alishuhudia injini ya Upepo, naye Upepo akaishuhudia ya Kipimo.

Kumbe alama ile haikulificha kosa tu. Alama ile ndiyo iliyolizaa.

“Ulipitisha spana?” aliuliza Upepo.

“Hapana.”

“Hata moja?”

“Hata moja. Nilizipaka zote kama mtu anayepaka chokaa ukutani.”

“Kwa nini?”

Kipimo aliitazama sabuni ya kijivu. “Asubuhi ile baba alisimama mbele ya injini yako, mikono nyuma, akasema: hiyo sasa ndiyo injini. Miaka kumi na mmoja niko naye kwenye ile karakana. Hajawahi kuniambia hivyo.”

“Kwa hiyo ulitaka injini yangu ife.”

“Sikutaka ife. Sikutaka kuigusa tu.” Sauti yake ilipasuka. “Lakini ungeniuliza siku ile tofauti ya hayo mawili ni ipi, nisingekuwa na jibu. Hata leo sina.”

Upepo alicheka, cheko lisilo na mzaha ndani yake.

“Unajua kwa nini wananiita Upepo? Si turbo. Jina limeitangulia turbo. Mama alikuwa akisema ningesahau hata kichwa kama hakikuota shingoni. Safari hii, dada, sikusahau kitu. Safari hii nilimwamini mtu.”

Alivipandisha vizibo masikioni, akaushika mlango.

“Unakwenda wapi?”

“Kuwasha.”

“Umesikia nilichokuambia?”

“Nimesikia. Imepashwa moto dakika kumi nzima na haijavunjika. Kuipandisha hadi ukomo ni sekunde arobaini tu. Itavumilia.”

“Sekunde arobaini zinatosha kumzika mtu!”

“Basi utapata nafasi ya kunililia. Nipishe.”

Aliufungua mlango, akamkuta baba yao amesimama upande wa pili.

Mzee hakuwa mtu wa kusikiliza milangoni, lakini milango ya ukumbi ule ilikuwa ya mbao nyembamba. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja, kama anavyotazama plagi za injini kujua ipi imeungua.

“Vunjeni lakiri,” alisema.

“Baba, nikiivunja nimetoka.”

“Ukitoka kwa miguu yako, nashukuru.”

“Miezi saba, baba! Miezi saba nimeijenga!”

“Nami nimekulea miaka ishirini na minne. Vunja.”

Walirudi ukumbini wakiwa wamefuatana kama watu wanaotoka mazikoni. Mwamuzi alisikiliza maneno matatu tu ya Upepo, “tunaomba kuvunja lakiri”, akavuta fomu. Alikuwa ameona mengi katika mashindano yale, na kalamu yake ilijua njia.

“Sababu: uzembe wa mtengenezaji,” alisoma huku akiandika. “Adhabu: kutoshiriki misimu miwili.”

“Upepo kasahau tena!” ilisikika sauti ileile ya nyuma, na vicheko vikaenea viti hadi viti.

Upepo aliinamisha kichwa. Hakumtaja mtu.

Zingatieni hapo, wasomaji wangu. Hakumtaja mtu. Kipimo angeweza kunyamaza, na dunia yote ingemsaidia kunyamaza, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuamini kwamba kosa lolote karibu na Upepo ni la Upepo. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe bila yeye kulisukuma. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu, na kupumua. Wengi wetu tumewahi kusimama hivyo, tukapumua.

“Si kweli,” alisema.

Mwamuzi aliinua uso. “Nini si kweli?”

“Si mtengenezaji. Ni mkaguzi. Nati mbili hazikukazwa, na mimi ndiye niliyezitia alama ya ushahidi bila kuzipitishia spana. Yeye aliiona alama yangu akaiamini. Andika jina langu, mama.”

“Fomu haina nafasi ya mkaguzi.”

“Basi andika pembeni.”

Vicheko vilikatika. Mwamuzi aliinua ile karatasi ya kumbukumbu.

“Na mshale wa oili?”

“Ulikuwa umesimama. Nilisema uongo.”

Kalamu ilikata mstari mmoja, ikaandika mwingine. “Adhabu ya kijana imefutwa,” alisema mwamuzi. “Injini yake imetoka, hilo siwezi kulifuta. Kuhusu wewe, kanuni zangu zinamjua mtengenezaji peke yake. Kushuhudiana ni desturi ya karakana yenu, nami siwezi kukuadhibu kwa desturi ya baba yako. Uongo wako nitauandika kwenye ripoti, na timu itaamua kama inamtaka fundi wa aina hiyo. Injini yako ni ya mwisho. Ikimaliza sekunde arobaini, itashinda; iliyotarajiwa kuizidi ni hii inayofunguliwa peke yake.”

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwapo. Aliyeitoa injini ya mdogo wake ndiye aliyebaki kushinda.

Baba alilala chali chini ya meza ya kupimia. Alifungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, oili ikamiminika kwenye beseni, naye akainua spana hadi silinda ya tatu. Aliiweka kwenye mkazo kamili, kisha akamwita Kipimo kwa kidole. Kipimo alipiga magoti.

Alama ilikuwa pale. Njano safi, duara zuri, la mkono usiotetemeka.

Baba alivuta. Kwenye nati iliyokazwa sawasawa, spana hulia palepale bila nati kusogea. Hii ilizunguka. Ilizunguka robo nzima, laini, bila ubishi, ndipo spana ikalia. Ya pili ilizidi hapo.

Mzee alifungua kifuniko, akatoa lile bamba jembamba linalokaa kati ya konrodi na krenki, akalifuta kwa kitambaa na kuliweka kwenye kiganja cha binti yake. Katikati palikuwa na mkwaruzo mpya uliong’aa. Kifuniko kilikuwa kimeanza kucheza. Kilianza kwenye zile dakika kumi za kupasha moto.

Kipimo aliungoja ukali wa baba yake. Aliuhitaji, kama mwenye homa anavyohitaji maji.

“Kanawe mikono,” alisema baba. “Zamu yako.”

“Baba, najitoa.”

“Hujitoi,” alijibu Upepo badala ya baba. Alikuwa amekaa juu ya boksi la vyuma, akiitazama turbo yake ambayo haikupata kupuliza hata mara moja mbele ya watu. “Unataka kujitoa ili nikuambie pole. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, dada. Kawashe.”

“Sitaweza kushinda hivi.”

“Hata mimi sitaweza kushindwa hivi, na nimeshindwa. Kawashe. Kanuni inataka msaidizi mmoja wa kuangalia uvujaji. Nitasimama nawe.”

Wasaidizi waliisukuma injini ya Kipimo mahali pake, wakaiunganisha. Ilikuwa ndogo na safi, bila mabomba ya turbo ubavuni. Lakini msidanganywe na udogo huo. Injini isiyosukumiwa hewa huitafuta nguvu yake katika kasi. Ya Upepo ingeishia mizunguko elfu saba kwa dakika, na hii ilipaswa kufika elfu tisa. Konrodi zake zingevutwa kwa ukali kuliko zile alizoziona zimelegea robo saa iliyopita.

Kipimo alisimama upande wake, mkono mmoja kwenye wenzo wa mafuta, mwingine kwenye swichi. Upepo alisimama upande wa pili. Kati yao kulikuwa na chuma tu.

Ndipo wazo likamjia, likakaa.

“Mdogo wangu.”

“Naam.”

“Nati zangu. Ulipitisha spana?”

Upepo aliinama kutazama kama oili inavuja. Haikuwa ikivuja.

“Nilitia alama,” alisema.

“Sikukuuliza alama.”

“Si ulikaza mwenyewe? Wewe ndiye Kipimo. Unaogopa nini?”

Ni kweli, alikaza mwenyewe. Aliikumbuka siku hiyo, taa ya mkononi, harufu ya mafuta ya taa, mlio wa spana. Aliikumbuka vizuri kabisa. Lakini hadi asubuhi ya leo alikuwa akikumbuka vizuri kabisa pia kwamba hajawahi kupaka rangi juu ya nati asiyoisikia. Kumbukumbu yake ilikuwa shahidi aliyekwisha kukamatwa na uongo mmoja, na sasa hakujua amwamini kwa lipi.

“Nijibu, nakuomba,” alinong’ona. “Sitakulaumu. Mimi ni nani hata nikulaumu? Nijibu tu.”

Upepo alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na Kipimo hakuweza kusoma ndani yake kama ni hasira, au aibu, au huruma.

“Sekunde kumi!” alisema mwamuzi.

Angeweza kuvunja lakiri. Angeweza kuiacha swichi na kuondoka, na hakuna ambaye angemzuia. Lakini mdogo wake aliwahi kusimama kando ya injini akiutegemea mkono wa dadake, bila kuuliza. Je, yeye alikuwa na haki gani ya kudai jibu ambalo mwenzake hakuona haja ya kulidai?

“Tano!”

Nyuma ya Upepo kulikuwa na kinga ya chuma nene, iliyowekwa kwa ajili ya wasaidizi waoga. Katika miaka yote ya ufundi wa Upepo, hakuna aliyewahi kumwona amesimama nyuma ya kitu kama hicho. Alikuwa akiwacheka wanaofanya hivyo.

Upepo alirudi nyuma hatua moja. Kisha ya pili. Kisha akajibanza nyuma ya kinga.

“Washa!”

Kipimo akawasha.